Nyumba Arobaini na Moja za Matonga

Saa nane mchana, mvua ikiwa kwenye siku yake ya tatu, Oto Njohole aliona nyumba arobaini na moja mahali ambapo hapajawahi kuwa na nyumba hata moja.

Hakupiga kelele. Oto alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ambaye hata akigombana hutumia sauti ya mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Aliinama juu ya Meza, akagusa tambarare za Matonga, ng'ambo ya mto Luvilo, akaikuza picha mara moja, akaikuza tena. Kisha akamwita mwalimu wake kwa mkono.

"Mwalimu, njoo uone. Matonga kuna mtaa."

Mwalimu Imelda Matimbwa alikuwa dirishani, akitazama maji ya mvua yakikata uwanja wa mpira katikati. Tangu asubuhi hakuwa ameketi. Alikuwa akizunguka kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye Meza, na kila alipopita wanafunzi walimsogezea kiti ambacho hakukitumia.

Meza ilikuwa na upana wa vitanda viwili vilivyounganishwa, na juu ya kioo chake lilikaa bonde zima la Luvilo, mto, vilima, barabara na mji wao wa Itukile. Kila mwanafunzi alikuwa na kishikwambi mkononi na kipande chake cha kutunza. Devota alitunza mvua, Oto makalavati na mifereji, wengine udongo, wengine nyumba. Mmoja akibadilisha tarakimu moja, Meza nzima ilitikisika: maji yalipanda hapa, yakashuka kule, na jina la aliyebadilisha likajiandika pembeni. Somo hilo Imelda alikuwa amelifundisha kwa miaka tisa. Huwezi kugusa kipande chako bila kugusa cha mwenzako.

Zamani lingekuwa somo tu. Lakini gharika ya mwaka arobaini na tisa iliua watu mia tatu kwa sababu mtambo mkubwa uliokuwa makao makuu haukujua kwamba mfereji mmoja wa Itukile ulikuwa umefukiwa kwa takataka. Watoto wa shule walijua. Walikuwa wakichezea mpira juu yake. Baada ya maziko, Mamlaka ya Bonde iliziunganisha Meza za shule kumi na mbili. Sasa mafuriko yakikaribia, kila shule hujenga modeli yake, mwalimu huipiga muhuri kwa ufunguo wake, modeli hulinganishwa, na milango ya tuta hutii. Hakuna mkono wa mtu unaoifungua.

Tuta la Itukile lilikuwa na milango miwili. Ukifunguka wa magharibi, maji yanakwenda Matonga, kwenye mashamba ya mpunga. Ukifunguka wa mashariki, yanakwenda Ginneri, mtaa wa bondeni wenye mashine za kukoboa, zahanati na nyumba mia mbili na kumi na mbili. Asubuhi yote Meza ilikuwa imesema magharibi. Tangu saa sita ilikuwa ikisema mashariki, na Imelda hakuwa ameelewa kwa nini.

"Nimezisoma namba zake," alisema Oto. "Zote ni za nyumba zilizosombwa mwaka ule. Hazikufutwa kwenye daftari la anwani. Mtu amezichukua namba za nyumba zilizokufa, akazipanda Matonga."

Pembeni ya kioo jina lilikuwa wazi. Skolastika Lihuluku.

Imelda aliinua macho. Msichana huyo alikuwa amesimama upande wa pili wa Meza, kishikwambi kifuani, akimtazama mwalimu wake bila kupepesa.

"Njoo," alisema Imelda.

*

Waliingia stoo ya kemikali, chumba pekee chenye mlango unaofungika. Mvua iligonga bati kiasi kwamba ilibidi wasogeleane.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Kanuni yetu ya kwanza inasemaje?"

"Usiweke kwenye Meza kitu ambacho hujakiona. Nimewaona, mwalimu. Nyumba ndizo sijaziona. Watu nimewaona."

Alieleza haraka, kama mtu aliyekariri maneno hayo usiku kucha. Mama yake na mdogo wake walikuwa Matonga tangu mpunga uanze kutoa masuke, wakilinda ndege. Hawakuwa peke yao. Msimu huu walikuwapo watu wengi, wenyeji na wageni, kila familia kwenye dungu lake, kibanda cha fito chenye miguu mirefu kilichosimamishwa katikati ya shamba. Jumapili iliyopita alikuwa amewapelekea chumvi na betri, akayahesabu madungu yote kwa kidole. Arobaini na moja.

"Nikataka kuwaweka watu. Meza inauliza namba ya nyumba. Dungu halina namba. Nikaweka bila namba, ikakataa. Nikajaribu kumweka mama peke yake, kwa jina, ikanijibu kwamba anaishi Itukile mtaa wa Misheni, nyumba namba sita, na yuko salama." Aliinua kishikwambi. "Yuko salama, mwalimu! Ndivyo ilivyoniandikia."

"Umempigia?"

"Simu yake haipatikani tangu juzi. Kule hakuna pa kuchajia."

Imelda alitoa simu yake mwenyewe na kumpigia mhandisi Zubeda Chogo, aliyesimamia milango kwa niaba ya Mamlaka ya Bonde. Walifahamiana kwa semina na salamu za sikukuu. Zubeda alipokea haraka; nyuma yake zilisikika simu nyingine zikilia.

"Dada Imelda, niambie."

"Matonga kuna watu. Wengi. Hawamo kwenye daftari."

"Wana anwani?"

"Wako kwenye madungu."

"Mtu asiye na anwani anaingizwa na mtendaji wa kijiji. Fomu inapita wilayani. Siku kumi na nne."

"Zubeda, tuna saa mbili."

"Najua tuna saa ngapi! Unadhani mimi nina mlango wa pembeni? Mfumo ulijengwa hivi makusudi, ili mkubwa yeyote asiamke akaingiza watu hewa kulinda shamba lake. Ukiwa na shaka na modeli yako, usiipige muhuri. Wataendelea na shule kumi na moja."

"Na hizo kumi na moja zinasemaje?"

"Magharibi," alisema Zubeda, kwa sauti ya chini sasa. "Zote."

Imelda alikata simu. Alifikiria kutuma mtu. Daraja la Matonga lilikuwa limefunikwa tangu alfajiri. Kuzunguka kwa pikipiki kupitia kivuko cha juu ni saa tatu, barabara ikiwa kavu. Akapiga simu kwa mtendaji, haikuita. Akapiga polisi, wakamwambia wamesikia, watafuatilia. Alirudi darasani, na Skolastika nyuma yake.

*

Darasa zima lilikuwa tayari linajua. Wanafunzi thelathini na wanane walikuwa wameizunguka Meza, na walikuwa wameacha kugusa vipande vyao.

"Nisomeeni Ginneri," alisema Imelda. "Mlango wa mashariki ukifunguka saa kumi, king'ora kikapigwa saa tisa na nusu."

Devota alisoma. "Maji mita moja na robo. Nyumba zinazoharibika, mia moja na tisini. Simu zote za mtaa zinapata tahadhari. Vifo vinavyotarajiwa, sifuri nukta nane."

"Hakuna mtu wa nukta nane," alisema Oto.

"Hakuna," alikubali Imelda. "Matonga?"

"Zikihesabiwa hizi nyumba za Skola, watu mia moja sitini na wanne. Hakuna simu inayopatikana. Vifo, ishirini na mmoja. Zisipohesabiwa..." Devota aligusa kioo tena. "Sifuri."

Oto alikunja mikono. Kila mtu pale alijua kwamba kwao ni Ginneri, nyumba ya tatu kutoka zahanati, na kwamba bibi yake hatembei bila mkongojo.

"Mwalimu, nitasema, halafu mtasema nasema kwa sababu ya nyumba yetu."

"Sema."

"Sisemi Skola ni mwongo kuhusu hao watu. Watu naamini wapo. Lakini leo Skola ameiongopea Meza kwa ajili ya mama yake. Msimu ujao mwingine ataiongopea kwa ajili ya ng'ombe wake. Mwingine kwa ajili ya diwani. Mwaka arobaini na tisa watu walikufa kwa sababu Meza haikujua ukweli. Sasa tunaijaza uongo sisi wenyewe, tena tukijua. Siku ile tutakapoweka ukweli, nani atauamini?"

Skolastika alikuwa ameushika ukingo wa Meza.

"Na wewe ungefanyaje?" Imelda alimuuliza.

"Ningezifuta," alisema Oto. Akaongeza, "Halafu ningekimbia Matonga kwa miguu."

"Usingefika."

"Najua."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi na moja. Imelda alizunguka Meza mara moja, taratibu, akiangalia nyuso. Alikuwa amewafundisha watoto hawa kwamba modeli si dunia. Modeli ni yale ya dunia uliyoamua kuyahesabu, na mwanasayansi mwaminifu huandika pia yale aliyoyaacha. Aliwahi kumnyima mwanafunzi alama zote kwa kubuni kipimo kimoja cha mvua, na mzazi alipokuja kulalamika hakuzirudisha. Sasa kipimo cha kubuni kilikuwa mbele yake, na ufunguo wa muhuri ulikuwa shingoni mwake, na akikaa kimya tu ataonekana mwaminifu. Hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Kwamba angeweza kuua watu kwa kufuata kanuni yake mwenyewe, na asiulizwe na mtu.

Alivuta kibodi. Kwenye sehemu ya maelezo, ambayo Meza huihifadhi lakini haiisomi, aliandika: *Nyumba 41 za Matonga si za kweli. Namba zake ni za nyumba zilizosombwa. Watu wanaokaa hapo ni wa kweli na mfumo hauna njia ya kuwapokea. Nimelijua hili kabla ya kupiga muhuri. Imelda Matimbwa, mwalimu.*

"Jina la Skola nalo liandikwe?" aliuliza Devota.

"Muhuri ni wangu."

Aliweka ufunguo. Kioo kilibadilika rangi, kikakaa kimya kwa pumzi kama kumi. Itukile peke yake ndiyo iliyopakana na pande zote mbili za tuta, kwa hiyo neno lake juu ya milango hiyo lilikuwa zito kuliko la shule nyingine zote. Mstari mwekundu wa uamuzi wa shule zote ulihama kutoka magharibi, ukasimama mashariki.

King'ora kilianza Ginneri. Oto alikuwa ameshafika mlangoni.

"Bibi," alisema tu, akatoka mbio kwenye mvua, na nusu ya darasa ikamfuata.

*

Walihamisha mtaa mzima kwa nusu saa. Imelda alibeba magodoro, watoto, kuku waliofungwa miguu. Alimshika bibi yake Oto kwapani na kumpandisha hadi uwanja wa kanisa, na bibi huyo njia nzima alikuwa akimshukuru, na kila shukrani ilimwingia kama mwiba. Saa kumi kamili walisikia mlango wa mashariki ukifunguka, mngurumo mrefu wa chini, na maji yakaingia Ginneri bila haraka, ya rangi ya chai, yakipanda ngazi za zahanati moja baada ya nyingine.

Walipohesabiana uwanjani, alipungua mtu mmoja. Rajabu Mtimbo, mwenye mashine ya kukoboa ya karibu na kisima, alikuwa ametoka na mkewe, kisha akarudi kufungua mota ya mashine isiloe. Walimpata kesho yake asubuhi ndani ya banda, mkono ukiwa kwenye spana.

Siku hiyohiyo watu wa Matonga waliletwa kwa mtumbwi wa Mamlaka. Mama yake Skolastika alishuka amembeba mwanawe mgongoni, miguu imevimba kwa maji. Mhandisi Zubeda alisimama kwenye ngazi ya kivuko na kuwahesabu mwenyewe, mmojammoja, akiandika. Alipomaliza alihesabu tena.

Walikuwa tisini na saba.

*

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Alhamisi kwenye ukumbi wa shule. Walikaa watu watatu wa Mamlaka, na Zubeda katikati, macho mekundu. Imelda alisimama. Aliombwa aketi, akasema anafikiri vizuri akiwa amesimama.

"Modeli yako ilisema mia moja sitini na wanne," alisema Zubeda. "Walikuwa tisini na saba. Hao sitini na saba walitoka wapi?"

"Kwenye Meza. Ukiweka nyumba, yenyewe inaipa watu wanne. Madungu yalikuwa arobaini na moja kweli. Mengine yana mtu mmoja, mengine wawili. Sikukagua."

"Hukukagua."

"Nilibishana na nafsi yangu juu ya uongo wa nyumba. Uongo wa wanne haukunijia kabisa."

Zubeda aliwasha Meza ndogo waliyokuja nayo, akaweka tarakimu ya kweli, tisini na saba, akaiacha ifanye kazi. Mstari mwekundu ulihama. Ulikwenda magharibi.

Imelda aliisogelea ile Meza.

"Kwa nini? Tisini na saba bado ni wengi. Ginneri vifo vilivyotarajiwa havikufika hata kimoja."

"Kuna kizingiti," alisema mzee mmoja wa Mamlaka aliyekaa kushoto. "Mji haufurikishwi ila upande wa pili kukiwa na watu mia moja au zaidi. Mji una zahanati, una chakula cha msimu, una umeme. Iliamuliwa zamani."

"Nani anakijua?"

"Kiko ndani ya modeli."

"Nimeifundisha modeli hii miaka tisa," alisema Imelda. "Watoto wangu wanaifungua kila kipande. Hicho hatujawahi kukiona."

"Hakikuwekwa kionekane na shule."

Imelda alihesabu kwa vidole. Watu watatu. Wangekuwapo Matonga watatu zaidi, na wote wakaandikishwa kihalali, mlango wa mashariki ungefunguka bila uongo wa mtu yeyote. Wakikosekana watatu, tisini na saba wanahesabiwa kama mpunga.

Zubeda alisukuma karatasi mbele. "Hapa imeandikwa kwamba mwanafunzi Skolastika Lihuluku aliingiza nyumba za uongo na kukudanganya. Ukisaini, ufunguo unabaki kwako na shule inabaki kwenye mfumo."

"Na yeye?"

"Atahamishwa. Hataruhusiwa kugusa Meza ya shule yoyote."

"Hakunidanganya. Maelezo yangu mnayo."

"Dada Imelda." Sauti ya Zubeda ilikuwa ya kuomba. "Mtu amekufa. Lazima iandikwe mahali."

"Iandike kwangu. Na kizingiti chenu kiandike chini yake, watu wasome vyote viwili."

Aliuchukua ufunguo shingoni, akauweka juu ya karatasi ambayo hakuisaini, akatoka.

Oto alikuwa ameketi kwenye kibaraza. Alikuwa amesikia kila kitu. Madirisha ya ukumbi hayakuwa na vioo.

"Ungejua ni tisini na saba," alisema, "na ungejua hiyo mia, ungepiga muhuri?"

Imelda alitaka kumwambia jambo ambalo mwalimu humwambia mwanafunzi. Hakulipata.

"Ningeandika mia sita," alisema.

Oto alitikisa kichwa polepole. Nyumba yao ilikuwa bado na tope hadi madirishani. "Basi mimi na wewe hatukubaliani," alisema. "Lakini hicho kizingiti nitakiandika ukutani kwa mkaa, shule zote zikione." Akainuka, akaenda.

*

Mwanahija, mjane wa Rajabu, alikuwa akikalia eda nyumbani kwa kaka yake, kwa kuwa kwake hapakalika. Imelda alikwenda Jumamosi asubuhi. Skolastika alimkuta njiani, akaungana naye bila kuulizwa, kanga ya mama yake kichwani.

Walipokelewa kwenye mkeka. Wanawake wanne walikuwapo, na chai ya tangawizi. Imelda alitoa pole kama wengine. Kisha akasema, kwa sababu angekaa zaidi asingelisema:

"Bi. Mwanahija, mlango wa mashariki niliufungua mimi. Ulikuwa uende magharibi. Nilipiga muhuri nikijua kwamba kuna uongo ndani yake, na nikijua kwamba Ginneri anaweza kufa mtu."

Kikombe cha mmoja wa wanawake kiligonga sahani. Mjane alimgeukia Imelda. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho yamekauka.

"Wameniambia," alisema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakuja." Akakunja pindo la kanga, akalikunjua. "Hao wa Matonga, kulikuwa na watoto?"

"Kumi na tisa."

"Kina nani?"

Imelda alifungua mdomo. Alikuwa na umri wao kwa wastani, alikuwa na kina cha maji mahali walipolala, alikuwa na muda ambao wangeweza kuogelea.

"Kina nani?" mjane alirudia. "Mume wangu alikuwa Rajabu. Wao ni kina nani?"

Nyuma, karibu na mlango, Skolastika aliteleza mbele kwa magoti hadi alipomfikia mjane.

"Severini, mdogo wangu," alisema. "Ana miaka sita. Nkwimba wa Mama Ng'washi, miaka minne, na kaka yake Mbuke anayeuza ndizi. Halafu Arafa. Halafu Gaspari na pacha wake Melkiori, hao bado wananyonya. Halafu..."

"Taratibu," alisema mjane. Alikuwa ameinama, mkono wake umeshika mkono wa msichana, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Taratibu, mwanangu. Umesema nani baada ya Severini?"